Mama Mkwe Alisukuma Gari

Watu wengine ndoto zao huja usiku, kwa adabu, wenyewe wakiwa wamejifunika. Ya Castory Mgaya ilimjia jana mchana, saa nane na kitu, amejilaza kwenye kochi na viatu miguuni, maharage ya mchana bado yanamjaa tumboni. Mtu anayekimbia jambo hulala hata jua likiwa utosini, na Castory alikuwa anakimbia.

Ngoja kwanza nieleze alichokuwa anakikimbia, maana bila hicho ndoto yake mtaiona ya kichaa.

Castory ni muuza miche ya parachichi hapa Njombe, mtu wa watu, mcheshi, mwenye gari kuukuu la rangi ya maziwa yaliyochacha. Gari hilo lina ugonjwa wa kuzima. Asubuhi linawaka vizuri, linakwenda, linapanda kilima, halafu katikati ya safari linakohoa, linakata, kimya. Ukiling'ang'ania palepale haliwaki. Ukikaa pembeni ukala ndizi, ukalitukana kidogo, linawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Na kwa fundi ndiyo kabisa. Likifika gereji linanguruma mchana kutwa bila kukata, mpaka fundi anafuta mikono na kusema, "Mzee, gari lako zima, hebu acha wasiwasi."

Basi Castory akajifunza kuishi nalo hivyohivyo. Haegeshi ila kwenye mteremko, ili likigoma aliachie liserereke liwake lenyewe. Akifika dukani hazimi, analiacha likinguruma mlangoni, na akiulizwa anasema ana haraka. Mjini wakamwona mtu mwenye shughuli nyingi. Mkewe Yusta, ambaye kila siku alitembezwa kutoka kilimani hadi sokoni, alidhani mumewe anapenda mazoezi.

Jumapili iliyopita walikwenda ukweni, upande wa Lupembe, kwenye kipaimara cha mpwa wao. Huko yupo Festo, mdogo wake Yusta, ambaye huuzia bodaboda petroli kwenye kibanda walichoachiwa na marehemu baba yao. Festo ni kijana mpole, mwenye mke na watoto, na kibanda hicho ndicho shamba lake na ndicho ng'ombe wake. Kwa kumheshimu shemeji, alimjazia tenki bure.

Wakati wa kuondoka gari liliachwa likinguruma, na kuagana kwa ukweni mnakujua: mnaagana ndani, mnaagana mlangoni, mnaagana tena dirishani. Walipofika langoni tu gari likakata. Hapo ni tambarare, na mvua ilikuwa imenyesha. Watu wakaja kusukuma. Wakasukuma mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu Castory akatupa jicho kwenye kioo cha nyuma.

Aliyekuwa katikati ya wasukumaji ni mama mkwe wake, Bibi Orestina. Kitenge amekikaza kiunoni, viganja viwili juu ya buti la gari, anasukuma.

Ukweni kwake Castory bado wanafuata mambo ya zamani. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Wakikutana njiani mmoja huiacha njia. Kama ana neno naye, analipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote watatu wamesimama pamoja na wanasikiana vizuri. Sasa mtu wa namna hiyo anakusukumia gari, tena kwa nguvu zake zote.

Gari likawaka. Gurudumu likazunguka, likamrushia Bibi Orestina tope kuanzia kilemba hadi miguuni. Na Castory hakusimama. Angesimama lingezima, na likizima angesukumwa tena. Kwa hiyo alipiga honi, akatoa mkono dirishani, akapunga, akaenda zake.

Jamani. Mtu amemmwagia mama mkwe tope, halafu akampungia.

Jioni ukweni wakapiga simu kuuliza kulikuwa na nini. Castory, uso ukimwaka moto peke yake sebuleni, akatafuta neno lolote la kujisitiri, na neno lililokuwa karibu lilikuwa hili: "Ni yale mafuta ya Festo. Yamechanganywa na mafuta ya taa."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema tu ili simu ikatwe. Lakini neno hilo halikukaa ndani ya simu. Kesho yake lilikuwa kituo cha bodaboda, na kabla wiki haijaisha hakuna pikipiki iliyosimama tena kwa Festo. Wazee wa ukoo wakaita kikao. Jana saa tisa alasiri walikuwa wakae kuamua kama Festo anyang'anywe kibanda apewe mwingine asiyechafua jina la marehemu. Shahidi mkuu alikuwa Castory. Yusta alitangulia asubuhi kwa basi. Castory alimwambia, "Nenda, mama, nitakufuata gari likiwaka."

Ufunguo hata hakuugusa. Alikula maharage, akafunga mlango kwa komeo, akajilaza.

Akaota yumo ndani ya gari.

Kochi ndilo kiti cha dereva, na kioo cha mbele ni dirisha la sebuleni, pazia likiwa palepale. Anaendesha kwenda ukweni kutoa ushahidi. Hilo halimshangazi. Kinachomshangaza ni kwamba Njombe yote imekuwa tambarare. Vilima havipo. Hata kile kilima cha kwake, alichokizoea kama mto wa kulalia, hakipo.

Kando ya barabara limekaa jiwe. Ni lile analowekea gurudumu kila jioni. Leo limevaa tai.

"Miteremko iko wapi?" Castory anauliza.

"Imerudishwa kwa wenyewe," jiwe linasema. "Ulikuwa unaitumia bila kuomba."

"Sasa gari nitaliwashaje?"

"Kama watu wengine. Kwa ufunguo."

Halijamaliza kusema, gari linakohoa, linakata. Castory anageuza ufunguo, hakuna. Anageuza tena, hakuna. Hata hivyo gari linaanza kusogea polepole, maana kuna mtu nyuma analisukuma. Castory anasikia pumzi zake, na kitenge kikichakarika. Anamjua. Anakaza shingo asigeuke.

"Nani anasukuma?" jiwe linauliza, likitembea pembeni kwa hatua fupi.

"Sijui," Castory anasema. "Labda upepo."

Jiwe linatazama nyasi. Nyasi zimetulia kabisa.

Barabara inapinda, na ilipopindia ni ndani ya boneti. Gari linaingia ndani ya boneti yake lenyewe, linaegeshwa vizuri, na Castory anashuka bila kuona ajabu. Humo ndani ni ua wa ukweni. Mabenchi yamepangwa, vipuri vimeketi kwa ukubwa wao, na katikati, juu ya mkeka, injini imelala imejifunika shuka. Ukutani pametundikwa kibao: MAFUTA, MOTO, HEWA. KIMOJA KIMOJA. HAKUNA KURUKA.

Mwenyekiti ni Betri, mzee mnene wa pande nne, mwenye ukungu mweupe kichwani.

"Karibu, mkwe," Betri anasema. "Keti. Tuna shauri la gari linalozimika njiani. Utaratibu unaujua. Gari lisipokwenda, limekosa moja kati ya hayo matatu pale ukutani. Tunauliza kimoja kimoja mpaka tukipate."

"Msijisumbue, wazee wangu," Castory anasema. "Mimi nimeshakipata. Ni mafuta."

"Uliyanusa?"

"Sikuyanusa."

"Uliyatia kwenye chupa nyeupe ukayatazama juani?"

"Sikuyatazama. Nilikuwa na haraka."

Kutoka benchi la nyuma Stata anacheka kwa pua. Huyu ni mwembamba, mwenye mkono mmoja ulioshiba misuli kuliko mwingine.

"Haraka yako tunaijua," Stata anasema. "Ndiyo inayotuacha tukinguruma mbele ya duka la mbolea asubuhi nzima. Njia ya mwongo fupi, mkwe. Yako wewe haifiki hata Kibena hapo jirani."

Benchi zima linaguna. Castory anajitazama, anakuta yeye ni msafi kabisa: shati jeupe, suruali imenyooshwa, viatu vinang'aa, wala hana doa hata moja la tope. Wote waliobaki wana grisi na vumbi. Usafi huo unamtia aibu, anatamani pawe na mtu wa kumpaka kitu.

"Sikutukana mafuta bure," anasema. "Lakini kama si mafuta, basi wewe mwenyewe mzee. Betri ni ya zamani."

"Nijaribu," Betri anasema kwa utulivu. "Washa taa."

Taa zinawaka, ua wote unakuwa mweupe.

"Piga honi."

Honi inalia, ni ileile ya siku ya tope, na Castory anafumba macho.

"Mimi mzima," Betri anasema. "Huu ukungu ni wa kutosuguliwa. Maji ya moto na mswaki wa zamani, basi. Nimekuomba mara nyingi kwa kigugumizi, ukasema mzee anazeeka vibaya. Haya, tuendelee. Moto."

Plagi wanne wanasimama. Ni akina dada wa kwaya, sare moja, nyuso zote nyeusi kwa masizi.

"Hao," Castory anasema haraka. "Watazameni walivyo. Hao ndio wanaozima."

"Tutoe nje utuone," anasema mkubwa wao.

Wanatoka mstari mmoja, wanajigusisha kwenye chuma, na kila mmoja anatoa cheche ya buluu, kavu, safi, na sauti kidogo ya kupasuka. Wanarudi mahali pao.

"Weusi wetu ni moshi wa kunguruma bila safari," dada anasema. "Hujatusugua tangu ulipotununua."

"Nisameheni, dada zangu."

"Hatukuulizwa msamaha. Tumeulizwa moto. Moto upo."

Wanaketi, wanaweka sketi zao sawa. Na walipoketi, kitu kikajikunyata chini ya benchi lao. Ni kidogo, kimejifunika uso kwa kitambaa cha kufuma cha kwenye kochi.

"Yule nani?" Castory anauliza.

"Hitilafu," Betri anasema. "Ndiyo tunayoitafuta. Lakini ina haya sana. Mbele ya fundi haitoki hata kwa kubembelezwa."

Castory anainama kuitazama. Hitilafu inazidi kujifunika. Mabega yake yameinama mbele kidogo, kama yake yeye.

"Mimi siyo mbaya," Hitilafu inasema ndani ya kitambaa. "Naona aibu tu kuonekana na watu."

"Hata mimi," Castory anasema.

Lilimtoka hivyo tu. Kwenye mkeka injini ikaguna mara moja, shuka likatikisika, ikatulia tena. Wazee wakatazamana.

"Mafuta," Betri anaita.

Petroli anaingia akiwa ameshikwa na wanawake wawili kama mshtakiwa. Ni mwanamke mwembamba, angavu. Ukimtazama unaona ukuta ulio nyuma yake. Mkononi ana kitambaa cheupe kilichokunjwa. Haketi. Anasimama mbele ya Castory, wala hamkasirikii, na hilo ndilo linalomwuma Castory.

"Ninuseni," anasema.

Vipuri vinainuka kimoja kimoja, vinanusa. Stata ananusa mara mbili. Hakuna harufu ya mafuta ya taa.

"Hiki ndicho kitambaa alichonichujia Festo," Petroli anasema. "Alikifua asubuhi ile kwa sabuni. Alisema, hii ni ya shemeji, isiwe na hata tone la maji. Sasa hivi nimekaa kwenye dumu, bodaboda wanapita wamegeuza shingo. Jana mke wa Festo alikuja kibandani, akakaa, akaondoka. Hakuniangalia."

Castory anataka kufungua mdomo aseme. Haufunguki.

Anajigusa. Mdomoni mwake kuna gunzi la hindi, limefungwa mfuko wa nailoni, na juu ya nailoni amezungushiwa mpira wa baiskeli kichwa kizima, umekazwa kwa mafundo. Anavuta, halitoki. Anawatazama wazee wamsaidie. Wazee wanatazama kibao.

"Imebaki Hewa," Betri anasema. "Hewa."

Hakuna anayeitika.

"Hewa wa ndani ya tenki."

Ndipo Tenki anaposimama, huko mwisho kabisa, na watu wanampisha. Ni mama mkubwa wa mwili, lakini mbavu zimebonyea kwa ndani, na macho yamemtoka. Mdomoni ana gunzi. Juu ya gunzi nailoni, na juu ya nailoni mpira wa baiskeli wenye mafundo yaleyale.

Ua mzima unageuka kumtazama Castory.

Hapa lazima niseme, maana yeye hakuweza. Mfuniko wa tenki ulipotea mwaka jana. Ulikuwa na kitundu kidogo cha kupumulia, ambacho Castory hakuwahi kukijua. Badala ya kununua mwingine alichonga gunzi, akaliviringishia nailoni, akakaza kwa mpira mpaka vidole vikamwuma. Kwa nini akaze vile? Kwa sababu ya safari za ukweni. Aliogopa kule watamnyonyea mafuta usiku. Ndiyo, watu walewale.

Basi mafuta yakawa yanatoka na hewa haiingii. Tenki linajinyonya mpaka mafuta yanashindwa kutoka, gari linakata. Ukikaa ukala ndizi, hewa inapenya kidogokidogo, linawaka. Na kila alipokwenda gereji, Castory alilichomoa gunzi kwanza akalificha chini ya kiti kwa aibu, akamwambia fundi mfuniko ameusahau nyumbani. Fundi akawa anakuta tenki linapumua vizuri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema gari litafanya hivyo mbele ya mama mkwe.

"Festo aliliona," Petroli anasema polepole.

Castory anageuka.

"Siku ile ya kujaza. Alilifungua, akalitazama, akajua shemeji yake anatembea na gunzi. Watu walikuwa wamejaa pale, angeweza kucheka. Alilizungushia mkono wasilione, akamaliza kumimina, akalirudisha akalifunga vilevile alivyolikuta. Hajamwambia mtu mpaka leo."

Kama Castory angekuwa na mdomo angesema neno, lakini hana, na jasho linamtoka chini ya ule mpira. Anaona aibu iliyo kubwa kuliko ile ya langoni. Ile ilikuwa ya kuonwa na watu. Hii haionwi na mtu yeyote, yenyewe ndiyo inayomwona yeye.

"Nani anasukuma?" jiwe linauliza tena. Limeketi karibu na mlango, tai imelegea.

Wote wanasikiliza. Nyuma ya ukuta kuna pumzi za mtu, na ukuta wenyewe unasogea. Ua mzima umekuwa ukisukumwa muda wote huo, mabenchi, vipuri, mkeka, kibao. Castory anatikisa kichwa kwamba anamjua. Anakitikisa na kukitikisa, mpaka ukuta unasimama.

Bibi Orestina anaingia. Tope limemkaukia kuanzia kilemba hadi miguuni, na akitembea linadondoka vipande vipande. Castory anainamisha macho, kama ilivyo desturi. Bibi naye anatazama pembeni. Anapita mbele yake, anakwenda hadi chini ya benchi la plagi, anaiambia Hitilafu:

"Mwambie mkwe atulie."

"Bibi anasema utulie," Hitilafu inamwambia Castory.

Castory anatulia. Bibi hawezi kumgusa, haiwezekani kabisa, kwa hiyo anakwenda kwa Tenki. Anaanza kufungua mafundo kwa kucha zake. Kila fundo analolegeza kwa Tenki, kwa Castory nalo linalegea. Vidole vya Bibi vimekakamaa kwa tope. Inachukua muda, na ua mzima unangoja bila kukohoa.

Fundo la mwisho. Bibi anashika gunzi, anavuta.

Hewa inaingia kwa mluzi mrefu. Mbavu za Tenki zinafunguka, anapata pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani, na palepale gunzi la Castory linaanguka magotini mwake. Hitilafu inatoka chini ya benchi mbele ya watu wote. Imeshika mpira. Inauweka kwenye kiganja cha Castory na kumkunja vidole.

"Huu wako," inasema.

Castory anasema.

"Mafuta ya Festo ni safi. Hayana mafuta ya taa."

Kwenye mkeka injini inakohoa.

"Gari langu linazima tangu mwaka jana. Niliwaficha. Gunzi nililiweka mimi, kwa kuwaogopa nyinyi, na hamjawahi kuniibia hata kijiko."

Injini inashika, inayumba, inashika.

"Nilimwona mama akisukuma. Nilimwona akirushiwa tope, na nikampungia mkono, nikaenda. Halafu nikamtafuta mtu wa kumbebesha aibu yangu, nikamkuta Festo, kwa kuwa hana maneno. Msimnyang'anye kibanda. Naona aibu. Hapa nilipo naona aibu, wazee wangu, sina pa kuweka uso."

Shuka linaanguka. Injini inanguruma sawasawa, laini, kwa mwendo mmoja, wala haikati. Castory analia kwa sauti, mdomo wazi, na hewa inaingia.

Mngurumo ukawa mdogo. Ukawa wa nyuki, ukawa wa simu iliyo wazi.

Alikuwa kwenye kochi. Pazia palepale, viatu miguuni, kifua kimelowa machozi, na taya zinamwuma kama mtu aliyetafuna miwa kutwa. Simu ilikuwa sikioni mwake, imeshikwa na bega, imepata moto. Ndani yake hapakuwa na sauti ya mtu, ila ule ukimya wa watu wengi waliokaa pamoja.

"Castory?" Yusta alisema taratibu.

"Naam."

"Nilikupigia wazee wajue umefika wapi. Ulipokea ukaanza kusema tu. Simu iko kwenye spika. Wote wamesikia."

Castory alitamani kochi lifunguke limmeze, na kochi halikufunguka. Kwa mbali akasikia mtu anajikohoza, na mwingine anavuta kiti. Kisha akasikia sauti ya Bibi Orestina, karibu kabisa na simu, ikimwambia binti yake:

"Yusta, mwambie mkwe kuhusu tope, nilioga siku ileile. Jina la mwanangu ndilo lilikuwa bado halijaoga."

"Mama anasema..." Yusta akaanza.

"Nimesikia, mke wangu."

"Mwambie pia aje," Bibi akasema. "Wazee hawajainuka. Aje ayarudie hayo mbele ya bodaboda, akiwa amesimama."

"Mama anasema uje."

"Nakuja. Mwambie mama nakuja."

Simu ikachukuliwa na mtu mwingine. Alikuwa Festo. Alivuta pumzi, kama kawaida yake ya kutafuta maneno, na aliposema alisema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie.

"Shemeji. Lile gunzi nililiona siku ile. Sikumwambia mtu."

"Najua," Castory akasema.

"Umejuaje?"

Castory alitaka kuishika simu kwa mikono miwili, na ndipo alipogundua kwamba mkono wa kulia ameukunja ngumi. Aliufungua. Kiganjani palikuwa na mpira wa baiskeli, mafundo yote yamefunguliwa, unanuka petroli mbichi. Mlango bado ulikuwa na komeo, na gari lilikuwa nje.